Posa ya Viporo

Jumapili hiyo, saa tatu asubuhi, Gani Dimaculangan alikuwa juu ya ngazi akipaka rangi ukuta wa mbele wa nyumba yake, pale binti yake Rizalyn alipotokea mlangoni na simu mkononi, uso umemshuka. Mchumba wake Jerwin alikuwa ametuma ujumbe. Wazazi wake wameshaoga, gari limewashwa, na ikifika saa sita mchana watakuwa wamefika San Roque kuleta posa.

Gani hakushuka. Alisema hilo haliwezekani, maana yeye mwenyewe ndiye aliyepatana na kijana kwamba waje Jumapili ijayo. Rizalyn akamuuliza walipatana lini. Ijumaa, akajibu Gani.

"Baba, ukisema siku ya Ijumaa 'Jumapili ijayo', ni hii."

"Hii ni hii. Ijayo ni ijayo."

"Juzi hii ilikuwa inakuja, Baba. Sasa imefika."

Gani alitazama ukuta. Nusu ulikuwa wa njano, nusu wa kijivu cha tangu nyumba ijengwe. Alikuwa fundi wa majokofu na feni, na mtaani kwetu watu walisema mzee huyu anajua kupoza kila kitu isipokuwa ulimi wake. Kwa kawaida, upande wa mwanamume huja kuposa na chakula chao, wakakiweka mezani, mkala pamoja. Lakini Gani alimwambia Jerwin awaambie wazee wake waje na midomo tu, mke wake atapika. Pesa za kupikia akazigeuza rangi, kwa hesabu kwamba Jumatano kuna mtu wa bucha atamlipa kazi ya friza, na Jumatano ingekuja kabla ya Jumapili. Sasa Jumapili ilikuwa imeitangulia.

Kilichomtisha Rizalyn zaidi ni mama mkwe mtarajiwa. Bi Leoncia Macatangay alikuwa na kampuni ya kupikia shughuli kule mjini Lipa. Harusi na ubatizo wa watu wenye uwezo vilipitia mikononi mwake. Ilisemekana akionja kijiko kimoja cha mchuzi anakwambia kitunguu saumu kilimenywa saa ngapi. Alikuwa hajawahi kuonana na wazazi wa Rizalyn. Alichowahi kusema kuhusu ndoa hiyo, na Jerwin kwa ujinga wa mapenzi akakifikisha kama kilivyo, ni kwamba yeye hamchunguzi msichana, anachunguza sufuria ya mama yake.

Jikoni, Bi Puring alipokea habari hizo akiwa amekaa kwenye kigoda anachambua mchele. Hakupiga kelele. Aliuliza watakuja wangapi. Akaambiwa watatu. Akasema watatu na sisi watatu ni sita, akasimama, akafungua jokofu.

Ndani ya jokofu la Bi Puring kulikuwa na makopo kumi na moja ya aiskrimu, na hakuna hata moja lililokuwa na aiskrimu. Kopo la stroberi lilikuwa na nyama, la embe lilikuwa na samaki, la chokoleti lilikuwa na mchuzi ambao hata yeye alilazimika kuunusa kwanza. Dimaculangan, kwa lugha ya huku kwetu, ni mtu asiyepungukiwa, na Bi Puring alikuwa amelichukua jina la mumewe kama agizo. Kwake chakula hakikuisha, kilibadilika tu. Kuku wa Jumatatu alikuwa uji wa Jumanne, na ule uji ukibaki, ukikauka, unakatwa vipande na kukaangwa Jumatano. Rizalyn alikua akibeba chakula cha shule ambacho wenzake walikifungua kwa udadisi kama watu wanaofungua barua ya mwingine. Walisema kwa akina Dimaculangan hata Krismasi huliwa Januari. Sasa alikuwa mtu mzima, anauza dawa kwenye duka kubwa mjini, na bado maneno yale yalimchoma.

"Mama," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba mkopo, "leo tu. Tupike kitu ambacho hakijawahi kuwa kitu kingine."

"Kwa pesa ipi?"

Rizalyn akatoa alichonacho. Mwezi ulikuwa kwenye tarehe zake mbaya. Kingetosha kuku mmoja wa kuchoma wa dukani, na hata huyo angefika bila mchuzi wake. Bi Puring alimrudishia noti zake na kuzifunga ndani ya kiganja chake.

"Kuku mmoja kwa watu sita ni matusi yenye mabawa. Niletee kopo la stroberi."

Rizalyn alilifungua. Ndani mlikuwa na nguruwe wa kuchoma: mbavu, vipande vya paja, ngozi iliyolegea. Kopo la pili lilikuwa na menyudo, nyama na viazi kwenye nyanya. La tatu tambi za pansiti. Vyote vilikuwa vya shughuli, si vya jikoni kwao. Akamuuliza mama yake vimetoka wapi.

"Kwa mwenyekiti wa mtaa. Jana. Ubatizo wa mjukuu wake."

"Walikupa?"

"Hawakunikataza."

Rizalyn akaketi. Aliujua ule mkoba mweusi wa mama yake, mpana kama mto wa kulalia, uliotandikwa mifuko ya plastiki ndani kwa ustadi wa mshona suti. Mama yake hakuwahi kwenda kwenye shughuli bila mkoba ule, na hakuwahi kurudi nao mwepesi. Bi Puring alisema, bila kuona haya, kwamba nusu nzima ya yule nguruwe ilikuwa imelala mezani inakauka, nzi wakiizunguka, na watu wameshaanza kuimba. Yeye alichofanya ni kumwokoa. Akiba haiozi, alimalizia, ila ukiiacha mezani kwa mwenyekiti.

Kulikuwa na masaa matatu kasoro. Gani alirudishwa kwenye ngazi amalize ukuta. Bi Puring akawasha majiko yote mawili.

Nguruwe aliingia sufuriani na siki, sukari, pilipili manga ya punje, na mchuzi mzito wa maini aliousaga mwenyewe. Aliamrisha sufuria isiguswe na mwiko mpaka siki ichemke, maana siki ikikorogwa mbichi hubaki mbichi hadi kiyama. Menyudo aliiponda kwa uma, akaichanganya na mayai manne ya majirani, akaikaanga maduara makubwa ya dhahabu. Pansiti, iliyokuwa imeshikana kama nywele za mtu aliyeamka, aliikatakata, akampa Rizalyn aikunje kwenye karatasi nyembamba za unga, ikakaangwe iwe lumpia, kama sambusa ndefu za kuviringisha. Rizalyn alikunja kwa hasira, na kwa uzuri mno. Mikono yake ilikuwa imefundishwa kabla moyo haujaanza kuona aibu. Samaki wa ziwani wa Ijumaa, aliyekwishakaangwa mara moja, alimwagiwa nyanya, tangawizi na yai. Wali wa jana ulifufuliwa kwa kitunguu saumu. Mkate wa Jumatano uliokuwa mgumu kama tofali ulilowekwa kwenye maziwa, ukawekwa sukari iliyoungua, ukaingia kwenye mvuke kuwa pudini.

Saa sita kasorobo nyumba ilinukia hadi kwa jirani wa tatu. Jirani wa tatu alikuja kuuliza kuna nini, akarudishwa na lumpia moja mdomoni.

*

Macatangay walifika na keki ndogo ndani ya sanduku, kwa kuwa Bi Leoncia hakuamini kwamba kuna watu wanaosema "njooni na midomo tu" wakimaanisha. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, nywele zimebanwa kwa nguvu, macho yanazunguka kama ya mkaguzi wa afya. Mumewe, Mzee Abelardo, alikuwa mrefu na mwenye mikono ya mtu aliyekaa karibu na moto maisha yake yote, nyusi zimeungua nusu. Hakusema neno kuanzia kwenye gari. Jerwin alishuka wa mwisho, akaegemea ukuta kumngoja baba yake, na Gani hakupata nafasi ya kumwonya. Kijana aliingia kuposa akiwa na bega la njano.

Vijana waliichukua mikono ya wazee na kuigusisha kwenye paji la uso, kama ilivyo adabu. Rizalyn alipouinua mkono wa Bi Leoncia, yule mama alivuta pua kidogo. "Siki," alisema. Rizalyn alibaki na neno lile kama mtu aliyesomewa nusu ya hukumu.

Waliketi, wakasali, wakajipakulia. Bi Leoncia alianza na samaki na kutikisa kichwa polepole. Akaonja duara la mayai, akaacha kutafuna kwa muda mfupi sana, akaendelea. Akavunja lumpia katikati na kuangalia ndani yake. Kisha akachota kipande cha nguruwe. Alikiweka mdomoni, akafumba macho, akayafumbua, akamtazama Bi Puring kwa muda ambao Bi Puring aliuona mrefu kuliko Kwaresima.

Aliyezungumza ni Mzee Abelardo. Alikuwa ameshamaliza sahani ya kwanza bila mtu kumwona, na anaingia ya pili.

"Aliyemchoma nguruwe huyu," alisema, "anaijua kazi."

Bi Leoncia alimgeukia mumewe kama mtu aliyesikia kinyago kikikohoa. Bi Puring alifungua kinywa ili aseme kwamba siku hizi unanunua tu, lakini Gani, aliyekuwa ameketi kichwani pa meza na rangi kwenye kucha, alikuwa ameguswa na sifa iliyopita karibu naye.

"Ni mimi," akasema.

Rizalyn alipaliwa na wali. Bi Puring alimtazama mumewe, mtu aliyewahi kuunguza wali kwenye jiko la umeme linalojizima lenyewe. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na Gani hakuwa mtu wa kulikimbilia neno lililotoka. Alilifuata tu kuona litafika wapi.

Mzee Abelardo aliweka kijiko chini, akageuza kiti. Yeye alikuwa mchomaji; alirithi kazi kwa baba yake. Alitaka kujua mwenzake anatumia mkaa gani. Gani akasema mzuri. Wa vifuu au wa mti? Wa vyote, akasema Gani, kwa zamu. Na tumboni, Mzee Abelardo aliuliza, je, ni mchaichai na majani ya mkwaju? Maana alikuwa anaipata ile harufu kwa mbali, chini ya siki, na siku zote alidhani ni ya ukoo wao peke yao.

"Wataalamu hukutana njiani," alisema Gani.

"Na ngozi? Unaipaka nini isipasuke?"

Gani alifikiri. Maisha yake yote alikuwa hajapaka kitu ila rangi na grisi. "Mimi," alisema hatimaye, "kazi yangu ni majokofu. Naangalia joto. Mtu anayejua baridi inatoka wapi, joto halimshindi."

Mzee Abelardo aliyapokea maneno haya kwa heshima kubwa, akayarudia taratibu kama mtu anayekariri zaburi. Kisha akasogeza sahani mbele kwa ajili ya mara ya tatu.

"Nimefurahi anakula," Bi Leoncia alisema, akimwelekea Bi Puring. "Tangu jana hajagusa chakula. Jana tulikuwa na kazi hapahapa kwenu, San Roque. Kwa mwenyekiti wa mtaa. Ubatizo."

"Mlialikwa," alisema Bi Puring, na sauti yake ilikuwa inaomba.

"Tulipika."

Kijiko cha Bi Puring kiligonga sahani. Gani akaanza kueleza kwa bidii jinsi friza inavyofanya kazi, bila kuulizwa. Rizalyn alikuwa anaitazama pudini kana kwamba inaweza kufunguka aingie ndani yake. Jerwin peke yake, ambaye hakuelewa lolote, aliomba apitishiwe lumpia.

"Bi Puring," Bi Leoncia akasema na kusimama, "hebu nionyeshe jiko lako."

*

Wanawake wawili walisimama katikati ya jiko lile dogo. Mifuko ya plastiki, iliyooshwa vizuri, ilikuwa inaning'inia kwenye kamba dirishani ikichuruzika maji. Bi Leoncia aliitazama. Halafu akaenda kwenye jokofu mwenyewe, akalifungua, akachukua kopo la stroberi, akainua kifuniko na kuzitazama mbavu mbili zilizobaki.

"Huyu ni wangu."

"Ndiyo," alisema Bi Puring.

"Kwenye mayai ni menyudo yangu."

"Ndiyo."

"Na kwenye lumpia, pansiti yangu."

"Ndiyo."

"Mkate wa pudini?"

"Mkate ni wangu," Bi Puring alijibu, akiinua kidevu kidogo. "Wa Jumatano."

Bi Leoncia alirudisha kifuniko. Katika kazi yake hakuna kitu alichokichukia kama wanawake wa mifuko. Alisema kila shughuli huweka msichana mlangoni kwa kazi hiyo tu, kutazama mikoba. Alitaka kujua, kwa ajili ya kuendesha biashara yake, msichana wa jana alipitwa vipi.

"Alinibebea mkoba mpaka nje," Bi Puring alisema. "Aliona ni mzito kwa mama wa umri wangu."

Hapo kitu fulani kilipita usoni kwa Bi Leoncia, lakini hakikukaa. Aliketi kwenye kigoda cha kuchambulia mchele na, bila kutarajiwa, alionekana amechoka. Aliongea kwa sauti ya chini ili kule mezani wasisikie. Jana, mbele ya wageni wote, mke wa mwenyekiti alimega kipande cha nguruwe akakirudisha kwenye sinia na kusema ni mkavu. Alisema kwa nguvu. Abelardo alikuwa amesimama palepale na kisu mkononi, tayari kumkatia mtu mwingine, na huyo mtu mwingine akavuta sahani yake. Baada ya hapo hakuna aliyekuja tena. Nusu ya nguruwe ilibaki. Ndani ya gari Abelardo alisema atauza mti wa kuchomea, ule wa kumzungushia nguruwe juu ya moto, aliourithi kwa baba yake. Miaka thelathini na minne hajawahi kulitamka hilo, hata mwaka ule majivu ya volkano yalipowaangukia nguruwe mgongoni.

"Asubuhi hii ilibidi nimvalishe shati," alisema Bi Leoncia. "Na sasa yuko pale anakula sahani ya tatu, anamsifu aliyechoma. Nimemjua nguruwe huyu kwa tonge la kwanza. Nimenyamaza kwa sababu hiyo. Akijua ni yuleyule, na kwamba ametoka kwenye mfuko, moyo utamrudi kulekule. Usimwambie."

Bi Puring alikuwa amejiandaa kwa matusi, hakuwa amejiandaa kwa hili. Alisema hatamwambia. Bi Leoncia aliinuka kurudi mezani, akafika mlangoni, akashindwa kujizuia.

"Ila hiyo siki," alisema kwa uchungu, "umeifanya nini?"

"Sikuikoroga."

"Kabisa?"

"Mpaka ichemke."

"Mimi nina wapishi saba," Bi Leoncia alisema, "na wote wanakoroga."

*

Waliporudi mezani walimkuta Mzee Abelardo amesimama, ameushika mkono wa Gani kwa mikono yake yote miwili. Alikuwa na uso mtulivu wa mtu aliyefikia uamuzi. Alimweleza mkewe kwamba wamekubaliana. Siku ya harusi, nguruwe atachomwa na mkwe Gani. Yeye kazi ameiacha rasmi, na anaiacha vizuri, kwa sababu ameiona mikono itakayoishika. Na mti wa kuchomea atampa bure. Alikuwa anataka kuuza, lakini kitu kama kile hakiuzwi, kinarithishwa.

Gani alikuwa ametoka jasho hadi kwenye kola. Alikuwa amekubali. Kwa nini alikubali hakuwahi kuweza kueleza vizuri, si siku ile wala baadaye. Alisema tu kwamba mzee alikuwa amemshika mkono.

Bi Leoncia alimtazama Bi Puring. Bi Puring alimtazama binti yake, ambaye alikuwa amekunja kitambaa cha meza kidogo kidogo hadi kikawa kama lumpia. Angeweza kunyamaza. Posa ingepita, watu wangeagana wakicheka, na kati ya leo na harusi Mungu angepatikana wa kuvunja mguu wa Gani. Lakini aliuona tena uso wa yule mzee, anautoa urithi wa baba yake kwa mtu ambaye hata kiberiti kinamsumbua, na akaona huo ndio upotevu asioweza kuuvumilia.

"Mzee Abelardo," alisema, "kaa chini. Mume wangu hajawahi kuchoma nguruwe. Huyu ni wako."

Mzee Abelardo aliuachia mkono wa Gani.

"Ni wa jana, wa kwa mwenyekiti. Nilimtia kwenye mifuko, mifuko nikaitia kwenye mkoba, nikaja naye nyumbani. Leo tulikuwa hatuna kitu cha kuwapa, nikampika tena. Na menyudo, na pansiti. Ukitaka kukasirika unikasirikie mimi. Binti yangu hakujua mpaka asubuhi, na alinikataza."

Jerwin aliiweka lumpia yake chini taratibu. Bi Leoncia alifumba macho. Kisha Rizalyn, ambaye alikuwa ametumia miaka ishirini kukaa mbali na mkoba ule kila waendapo kwenye shughuli, aliacha kitambaa.

"Lumpia nilizikunja mimi," alisema. Masikio yalikuwa yamemwiva. "Zote. Kama ni makosa, ni yetu wawili."

Mzee Abelardo aliketi. Alikitazama kipande kilichobaki kwenye sahani yake, akakigeuza kwa uma, akakigeuza tena kama anayetafuta alama yake aliyoiweka zamani.

"Ni yule yule?" aliuliza.

"Yule yule."

"Hukuongeza mafuta?"

"Mafuta ya nini? Anayo ya kwake."

"Kwa hiyo hakuwa mkavu."

Bi Puring alifikiri kabla ya kujibu, kwa sababu katika mambo ya chakula hakuwa mtu wa kubembeleza. "Ngozi ililegea usiku," alisema. "Hiyo ni kawaida, ngozi ni ya siku moja. Pembeni mwa paja moto ulizidi kidogo. Lakini nyama ya ndani haikuwa kavu. Nimeshika nyama kavu nyingi maishani mwangu, na hii sikuhitaji kuilowanisha."

Mzee Abelardo alisema kweli, pembeni mwa paja moto ulizidi. Upepo uligeuka saa kumi na mbili asubuhi naye hakuwahi kuupunguza moto. Kisha akakila kile kipande. Akala polepole, akitafuna upande mmoja halafu mwingine, na watu watano wakamtazama akimeza. Alipomaliza alisogeza sahani kwa Bi Puring kwa ajili ya mara ya nne.

"Yule mama," alisema, "hana meno mazuri." Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake yote kuhusu mke wa mwenyekiti. Akamgeukia Gani. "Na wewe, mkwe. Joto na baridi."

"Nilikuwa naeleza kwa ujumla," alisema Gani.

Aliyeanza kucheka ni Bi Leoncia, na alicheka vibaya, kwa kukoroma, mpaka kibanio cha nywele kikafyatuka kikaangukia kwenye samaki. Baada ya hapo hapakuwa na adabu tena mezani. Walikula mpaka mbavu mbili za mwisho zikaletwa kutoka kwenye kopo. Gani akamwaga kahawa kwenye wali wake mbele ya wageni, kama alivyozoea akiwa peke yake, jambo ambalo mkewe alimkataza tangu juzi, na Mzee Abelardo akaomba birika naye afanye vivyo hivyo. Bi Leoncia na Bi Puring walibishana kuhusu pudini: mmoja anasema mayai sita, mwingine anasema mayai sita ni ya watu wenye kuku. Keki ya dukani haikufunguliwa na mtu yeyote.

Saa tisa alasiri wageni waliaga. Wakapeana mikono, wakaingia garini, Mzee Abelardo akawasha injini. Gari lilikuwa limeanza kurudi nyuma kuelekea barabarani pale Jerwin, mwenye bega la njano, alipoinama kutoka kiti cha nyuma.

"Baba," alisema, "hatujaposa."

Gari likasimama. Kweli hawakuwa wameposa. Kwa masaa matatu walikuwa wamezungumza siki, mkaa, volkano na bei ya mayai, na hakuna aliyekuwa ametaja ndoa. Mzee Abelardo alishuka bila kuzima injini, akatembea hadi getini, akavua kofia. Alikuwa ameandaa hotuba tangu Ijumaa, yenye mfano wa mti na kivuli chake, lakini ilikuwa imeshatoka kichwani.

"Tulikuja kuomba binti," alisema.

Gani akakohoa kusafisha koo, akaweka mkono kifuani. Wanawake wawili, mmoja getini na mmoja ndani ya gari, walimwambia kwa pamoja anyamaze.

"Muulizeni mwenyewe," alisema Bi Puring.

Rizalyn alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Alimtazama Jerwin kupitia kioo cha gari, akaitazama ile rangi begani mwake, akasema ndiyo, anakubali. Alisema kwa sauti ya kutosha, na jirani wa tatu, ambaye hakuwa ameondoka dirishani tangu saa sita, akapiga makofi.

Mzee Abelardo alirudisha kofia kichwani. Alisema basi, iwe baada ya Pasaka, na nguruwe atamchoma yeye mwenyewe. Akauliza, kama mtu anayefanya biashara, watu watakuwa wangapi. Bi Leoncia alisema kutoka garini kuwa ni mia na hamsini, kwa hiyo nguruwe wa kilo arobaini atatosha.

"Nunueni wa sitini," alisema Bi Puring. "Kuna kesho yake."